Mwaka wa Harusi ya Mbuzi Mawe

Mwezi uliopita Dokta Felister alikuja kunitembelea hapa Mhunze, ana mvi na goti bovu, na kabla hajamaliza soda yake tulikuwa tumeshabishana. Yeye anasema siku ile tulipofungua kasha, mnyama alikimbilia kushoto. Mimi nakumbuka kulia. Tulisimama uani kila mtu akionyesha kwa mkono, wajukuu wakitucheka, mpaka nikakumbuka kwamba yeye alikuwa upande wa mlima na mimi upande wa shamba, tukitazamana. Kwa hiyo labda wote tulikuwa sawa. Nimeanza na hili ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Niliishia darasa la saba. Huwa naandika mambo yangu jioni, na nikiyasoma kesho yake najiuliza kama kweli yalikuwa hivyo au nimeyapaka mafuta. Habari za ukoo wangu naziacha, hazina tofauti na za watu wengi wa huku. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, mwaka nilioajiriwa kupika kwenye kambi ya watafiti kule Rwamgasa, nikiwa msichana ambaye hata akiulizwa jina lake anafikiri kwanza.

Kambi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba vitatu na sebule, na jirani yetu alikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ilinguruma mchana kutwa. Vumbi lake liliingia kwenye unga, kwenye chumvi, kwenye kope. Chumba cha kwanza alilala Dokta Felister, cha pili alilala msaidizi wake Bwana Adamu, na cha tatu tulilala mimi na mavi. Nasema mavi kwa sababu ndivyo yalivyokuwa, ingawa wao waliyaita sampuli. Kila asubuhi walipanda kilima cha Nyamhela kuokota vidonge vya mavi ya mbuzi mawe, wakavitia kwenye vichupa vya spiriti, na vichupa vikapangwa kwenye rafu juu ya kichwa changu, jirani na mchele. Nilipewa onyo moja tu, nisichanganye rafu. Kwa asiyemjua, mbuzi mawe ni swala mdogo wa porini, kimo chake hakimzidi mbuzi wa nyumbani, anaishi kwenye majabali na anasimama kwenye ncha za kwato kama bibi aliyevaa viatu vya mchuchumio. Hawaendi makundi. Wanakaa wawili wawili, mume na mke, mmoja akila mwenzake analinda, na wakishtuka wanapiga mluzi kwa zamu.

Nilikuwa naona haya kuuliza, lakini siku moja tukila sato aliyekuja na basi la Chato nikajikaza. Nikauliza mavi yanawaambia nini.

“Kabula, kwenye mavi kuna chembe za mwili wa mnyama,” Dokta akasema huku anachambua mwiba. “Ndani ya chembe kuna vinasaba. Hivyo ndivyo vinavyosema nani ni ndugu wa nani.”

“Hata ya mtu?”

“Hata ya mtu. Lakini tafadhali usiniletee.”

Bwana Adamu alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku ile sikuona haya tena kuuliza pale mezani, na naweza kusema kwamba mengi ninayoyajua niliyapata nikiwa na mwiko mkononi. Nilijifunza kwamba zamani mbuzi mawe walihama kutoka kilima hadi kilima, kijana akifukuzwa na baba yake anatembea porini mpaka apate mlima mwingine na mke asiye wa kwao. Sasa kati ya vilima kuna mashamba ya pamba, barabara, mbwa, na huku kwetu kuna maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Hakuna anayepita. Kila kilima kimekuwa kama nyumba iliyofungwa kwa nje, na walio ndani hawana wa kuoana nao ila wao kwa wao. Watoto wanazaliwa wachache, wanyonge, ugonjwa mmoja ukiingia unawamaliza. Pale Nyamhela alikuwa amesalia jike mmoja tu, kijana, peke yake. Na kilima chenyewe kilikuwa kimeshaamuliwa kuvunjwa kokoto. Dokta alitaka kumhamishia Kishapu, kwenye mlima wa Ibanza, ambako mavi yalionyesha kwamba wote waliopo ni wa tumbo moja na dume kijana hana mwenzi ila dada yake. Wakubwa wake walikuwa wamemruhusu mnyama mmoja, kama jaribio. Akifa au akipotea, basi, hakuna kuhamisha tena mahali popote, na kulikuwa na vilima vingi vya namna hiyo vikisubiri.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Sikutega sikio. Au labda nilitega kidogo.

“Kilima kinakwenda, nakubali,” ilikuwa sauti ya Adamu. “Lakini wale wa Kishapu wamezoea ukame vizazi na vizazi. Huyu wa huku amekulia majani mabichi. Ukishachanganya damu, Felister, huwezi kuichambua tena.”

“Na nisipochanganya, baadaye nitachambua nini? Mawe?”

“Anaweza kufa njiani.”

“Anaweza.”

“Na jina litakaloandikwa ni lako.”

“Najua, Adamu. Kula viazi vyako vya mchembe ulale.”

Watu wanaonisikia nikisimulia hupenda kumfanya Adamu mtu mbaya wa hadithi. Hapana. Alikuwa na hoja, na Dokta mwenyewe aliniambia mara nyingi kwamba hoja ile ilimnyima usingizi. Tena alikuwa mtu aliyeosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mwanaume mwenye diploma.

Tulikwenda Kishapu kuomba ruhusa ya kijiji. Waliitisha dagashida, mkutano wa wanakijiji wote wa kuamua mambo ya ardhi na malisho, wakakaa kwenye banda la kununulia pamba, wengine juu ya mizani, wengine juu ya magunia. Sisi tulikalishwa mbele kama washtakiwa. Mzee Nkwabi, ambaye shamba lake lilikuwa limeegemea mlima, alisimama wa kwanza. Alikuwa mrefu, sauti yake ya kuita ng'ombe.

“Mnyama huyu anatoka machimboni. Sasa mimi nauliza, ni kitu gani kimewahi kutoka machimboni kikafika hapa kizima? Mpwa wangu alikwenda huko na pikipiki, akarudi na kofia yake ya kuendeshea.”

Watu wakacheka, lakini walikuwa upande wake. Dokta akasimama. Hakuzungumza habari za chembe. Akasema tu kwamba wamepima na kuona mbuzi mawe wote wa Ibanza ni nyumba moja, na yule dume kijana sasa anamfuata dada yake.

Kisha Bibi Nyanzobe, mama mtu mzima aliyekuwa anasokota kamba ya katani pale mlangoni, akaweka kamba chini.

“Gashi! Kwa hiyo hapo juu ya vichwa vyetu kaka anaoa dada, na sisi tunalala?”

“Ndiyo, bibi.”

“Na mnatuambia leo!” Akamgeukia Nkwabi. “Wewe, dume lako la mbegu ulilitoa wapi?”

“Kwa shemeji yangu, Maswa.”

“Kwa nini hukumwacha mtoto wa lile dume la zamani?”

“Ah, bibi na wewe! Apande mama zake? Ndama watatoka kama paka.”

“Haya. Umesema mwenyewe, mimi sijafungua kinywa.”

Banda lililipuka kwa kicheko. Nkwabi naye, nimtendee haki, alicheka kuliko wote. Kicheko kilipotulia, akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililonifanya niwe mtu niliye. Akamtazama Dokta machoni, akasema, “Mwanangu, una hakika kwamba atakaa?”

Dokta Felister akasema, “Sina.”

Mimi niliinamisha kichwa, nikajua tumekwisha. Maisha yangu yote nilikuwa nafikiri kwamba kutokuwa na hakika ni aibu ya wasiosoma, kitu cha kuficha kama shimo la kwenye soksi. Sasa huyu, mwenye shahada zake, amelisema mbele ya kijiji kizima bila kumeza mate. Na kijiji kikakubali. Baadaye Bibi Nyanzobe aliniambia kwamba angejibu “ninayo” wangetufukuza mpaka barabarani. Lakini wakaweka sharti. Bibi harusi hawezi kuja kama mzigo wa gunia, lazima aje na watu wa kwao.

Watu wa kwao walikuwa nani, wakati alikuwa hana hata mama? Tuliporudi Rwamgasa, wachimbaji walilipokea jambo hilo kwa furaha ambayo sikuitegemea. Walikuwa wanamwona kila siku juu ya mawe wakipanda kutoka mashimoni, na walikuwa wamempa jina, Bi Mawe. Mchimbaji mmoja aliyeitwa Zakayo, Msumbwa, mtani wa kila mtu, alivaa koti la suti juu ya kaptula yake yenye tope na kutangaza kwamba yeye ndiye baba. Ndiye aliyesaidia kushika wavu siku ya kumkamata. Bi Mawe aliachia manyoya mikononi mwao kama nyasi kavu, maana ndivyo manyoya yao yalivyo, yanang'oka kirahisi. Zakayo akayatazama viganjani mwake, akasema, “Mwanangu ananyonyoka kwa kuogopa ndoa.” Alfajiri tukaondoka kwa njia ya Kahama, kasha limefunikwa magunia mabichi, Zakayo amekaa kando yake akimnong'onezea njia nzima. Sikusikia alichomwambia. Shinyanga mjini tulisimama kuongeza maji, na mwenye duka mmoja Mhindi alipoambiwa kuna nini ndani ya kasha akatoa ndoo nzima bure. Akamwuliza Zakayo kama bwana harusi ana kazi.

Pale Ibanza Zakayo alidai mahari. Walibishana kwa sauti kubwa kama watu wanaotaka kupigana, yeye akisema binti yake amelelewa juu ya dhahabu, wao wakisema dhahabu hiyo mbona haionekani kwenye viatu vya baba. Alipewa jogoo mwekundu. Akaridhika, akamfunga miguu na kumtia ndani ya koti.

Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama Dokta alivyopanga. Kasha likawekwa chini ya mlima, mlango ukielekea mawe, watu wakaambiwa wakae mbali na wanyamaze kimya. Na walinyamaza. Lakini nani aliwahi kuona bibi harusi anashuka kwetu bila kupokewa? Kasha lilipofunguliwa na kile kichwa kidogo kikatokeza, masikio yakizunguka, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Hakuamua kupiga, kilimtoka tu, kama chafya. Akapokewa na wa pili. Mara wanawake wote, mara debe, mara Zakayo mwenyewe na jogoo wake wakipiga kelele pamoja. Mimi sikupiga, lakini nisijisifu, nilikuwa nimebeba sufuria la wali na nilikuwa nimeshavuta pumzi. Bi Mawe aliruka. Hakuruka kuelekea mlimani. Alipita katikati yetu, akakata shamba la Nkwabi lenye mabua matupu ya pamba, akapotelea kwenye rundo la mawe lililokuwa ng'ambo, kijilima ambacho watoto walikuwa wanaanikia nguo.

Vigelegele vikakatika. Naikumbuka ile sura ya watu, mikono bado iko midomoni.

Dokta Felister alikwenda nyuma ya gari. Nilimfuata na maji, nikamkuta amekaa kwenye bampa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Nilifikiri Adamu atakuja kusema lile neno ambalo alikuwa na haki ya kulisema. Alikuja na kikombe cha chai, akakiweka kando yake, akaondoka. Ndiyo maana nasema watu wasimfanye mbaya. Usiku ule hakuna aliyekula vizuri, wali wangu ukarudi jikoni, na Bibi Nyanzobe ndiye aliyetuchekesha. “Mnalia nini? Bibi harusi kukimbia ukweni ni kitu kipya? Mimi nilikimbia, nikajificha kwa shangazi yangu mpaka viazi vikaiva. Hakuna aliyenifuata na kamba. Walifungua njia tu, wakanyamaza.”

Hilo la kamba lilikuwa ndilo swali lenyewe. Adamu alifikiri wamkamate tena kwa wavu na kumpandisha. Dokta aliogopa kwamba moyo wake hautastahimili kukamatwa mara ya pili. Lakini kwenye kile kijilima asingekaa muda mrefu, mbwa walipita pale kila siku na hapakuwa na mwenzi. Kati yake na mlima palikuwa na shamba la Nkwabi, na Nkwabi alikuwa karibu kung'oa mabua, kuyachoma na kulima. Mnyama wa mawe havuki ardhi tupu iliyo wazi mchana, na usiku palikuwa na fisi.

Wakaitisha dagashida tena. Safari hii hapakuwa na kicheko cha mwanzo, watu walikuwa na haya. Bibi Nyanzobe akasema kwamba ukanda wa shamba ule, kutoka kijilimani mpaka mlimani, ufungwe uwe ngitili. Kila mtu wa Shinyanga anajua ngitili, ni sehemu ya malisho inayofungwa masika yote, hailimwi wala hailishwi, majani yakue yawe akiba ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Nkwabi akasimama.

“Ni ardhi yangu hiyo. Mkisema ifungwe, wanangu watavaa nini, mabua ya jirani? Yule mnyama hajanikosea, lakini sikumwalika mimi, wala sikupiga kigelegele.”

Alisema kweli na kila mtu alijua hivyo. Mkewe alikuwa mmojawapo wa waliopiga. Walizungumza mpaka jua likageuka. Mwishowe alikubali, na sitaki kumpamba zaidi ya alivyokuwa. Pamba ilimwangusha mwaka ule na maksai wake walikuwa mbavu tupu, majani yangemfaa, na wenzake waliahidi kumlimia kipande kingine upande wa bondeni. Lakini alipokuwa anatoka nilimsikia akimwambia Adamu, pembeni, kwa sauti ndogo isiyo yake, “Hivi yule dume huko juu anajua kwamba mwenzake yuko pale?”

“Anajua,” Adamu akamjibu. “Nimemsikia anapiga mluzi kuelekea huko.”

“Basi na mimi nisilale.”

Dokta aliitwa makao makuu kueleza kilichotokea. Alituacha mimi na Adamu palepale Ibanza, akasema wakubwa wamempa mpaka majani yakomae, baada ya hapo faili litafungwa. Mvua zikaja. Mbwa walifungwa. Watoto waliambiwa nguo zikaanikwe kwingine. Wachungaji walizungushia ng'ombe njia ndefu bila kunung'unika, au wakinung'unika kidogo. Mimi na Adamu tulipokezana kutazama kutoka kwenye paa la banda la pamba, na siku nyingi hatukuona kitu ila majani. Aliniambia, nami sikusahau, kwamba hata akivuka, jike mmoja si dawa ya kudumu, baada ya miaka damu itajifunga tena na mwingine itabidi aje, na mwingine, ila pale ambapo njia iko wazi watakuja wenyewe. Nikamwuliza kama bado anafikiri tulikosea kumleta. Akasema hajui, akacheka, akasema huo ugonjwa wa Felister unaambukiza.

Alipovuka, nami nilikaribia kuandika “walipovuka” maana ndivyo ilivyokuwa, hakuwa yeye peke yake. Ilikuwa asubuhi, umande bado uko. Dume alikuwa ameshuka mlimani, kitu ambacho Adamu hakuwahi kukiona, akasimama kwenye ukingo wa majani ambayo sasa yalifika magotini mwa mtu. Alipiga mluzi. Akapiga tena, na kutoka kijilimani mluzi ukajibu. Halafu majani yakaanza kutikisika, kamstari kembamba, kanasimama, kanasogea. Nkwabi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba yake na mswaki mdomoni, hausogei. Kamstari kakafika katikati. Dume akaingia. Kwa muda hatukuona kitu chochote, na mimi nilikuwa nimemshika Adamu mkono kwa nguvu kiasi cha kuacha alama, aliniambia baadaye. Kisha juu ya jiwe la kwanza la Ibanza akatokea mmoja. Na wa pili nyuma yake. Wakapanda, kwato zikigonga mawe kama mtu anayebisha hodi taratibu.

Simu ilikamata mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya banda. Adamu alipanda, akabonyeza namba, akasikiliza, na ilipopokelewa akafunika uso kwa kiganja. Alikuwa analia, yule aliyekuwa akisema tusichanganye. Akanipa simu. “Sema wewe.”

“Dokta,” nikasema. “Shikamoo. Amepanda.”

“Marahaba. Nani? Kabula, nani?”

“Bibi harusi. Amepanda mlimani na mwenzake, mwenyewe, kwa miguu yake.”

“Una hakika?”

Nilitazama juu. Walikuwa wamesimama kwenye jabali moja, yeye anakula, dume analinda.

“Ninayo,” nikasema.

Akapiga kigelegele huko aliko, ndani ya ofisi, kirefu, mpaka nikaiondoa simu sikioni, na nilipoirudisha nikasikia watu wanakimbia kwenye korido na mwanaume mmoja anauliza kwa wasiwasi nani ameolewa.